Nchi tano ndani ya Mbuga ya Nairobi

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ina ukubwa wa kilometa za mraba 117. Kwa mbuga za Afrika Mashariki hicho ni kiwanja tu. Serengeti inaizidi zaidi ya mara mia. Lakini chukua Vatican, Monaco, Nauru, Tuvalu na San Marino, zipange humo bega kwa bega, na simba bado watabakiwa na kilometa za mraba sita za kuwindia.

Hizo ndizo nchi tano ndogo kuliko zote duniani kwa eneo la ardhi. Vatican ina hekta 44, yaani kilometa za mraba 0.44, Msitu wa Karura peke yake ungetoa Vatican ishirini na tatu. Monaco ina kilometa za mraba 2.08, Nauru 21, Tuvalu 26 na San Marino 61. Hapo namba zinaruka hadi Liechtenstein yenye 160, kisha Visiwa vya Marshall 181, Saint Kitts na Nevis 261, Maldivi karibu 300, na Malta 316.

Orodha hiyo inakaririka kwa dakika tano. Yanayosumbua ni maswali isiyoyajibu. Nani aliamua kwamba hekta 44 ni nchi, ilhali Pemba yenye karibu kilometa za mraba elfu moja si nchi? Majirani wakubwa walishindwaje kuvimeza vipande hivi katika karne ambazo walikuwa wakimeza mabara mazima? Na serikali inapata wapi mishahara ya walimu na manesi ikiwa haina shamba, haina mto, na mara nyingine haina hata udongo?

Nani anahesabiwa

Mtu akiuliza nchi ni nini, wanasheria humpeleka Montevideo, Uruguay, ambako Desemba 1933 mataifa ya Amerika yalitia saini mkataba unaotajwa hadi leo. Unataka mambo manne: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Hausemi eneo liwe ekari ngapi wala watu wawe wangapi. Kwa sheria hiyo, Vatican na Urusi zinafanya mtihani mmoja.

Mtihani wenyewe unaangukia kwenye lile jambo la nne. Somaliland imejitawala tangu 1991, ina bunge, sarafu na bandari, na ardhi yake inazipita zile nchi kumi nilizotaja juu, zikijumlishwa, zaidi ya mara mia. Haina kiti Umoja wa Mataifa. Upande wa pili wa mzani kuna Sealand, jukwaa la chuma na zege lililojengwa na jeshi la Uingereza katika Bahari ya Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Roy Bates, mwanajeshi wa zamani, alilivamia, akatangaza ufalme mwaka 1967, akapandisha bendera na kuchapisha stempu. Mwaka 1978 mahakama moja ya Cologne, Ujerumani, ilikataa kuitambua: jukwaa lililotengenezwa na binadamu si ardhi ya dola. Kila mwaka Sealand inatajwa mitandaoni kuwa nchi ndogo kuliko zote, na kila mwaka jibu ni lilelile.

Kwa Waafrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni Zanzibar. Ilipata uhuru 10 Desemba 1963, na tarehe 16 mwezi huohuo ikaingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya. Ilikaa humo kama nchi kamili hadi Muungano wa 26 Aprili 1964. Lolote mtu analofikiri juu ya Muungano, hoja kwamba Zanzibar ni ndogo mno kuwa nchi haina nguvu. Ilikwisha kuwa nchi, na ilikuwa kubwa kuliko kila jina lililo katika ile orodha.

Vatican ni fumbo zaidi, kwa sababu jina hilo moja hubeba vitu viwili. Kuna Jiji la Vatican, dola lenye kuta, posta, gereza dogo na kituo cha reli, lililozaliwa 11 Februari 1929 pale Kardinali Pietro Gasparri na Benito Mussolini walipotia saini Mkataba wa Laterano. Na kuna Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa pamoja na ofisi zake, ambacho kina karne nyingi nyuma yake. Mabalozi wanaotumwa huko wanatumwa kwa Kiti Kitakatifu. Balozi wa Papa aliyeko Dar es Salaam anakiwakilisha Kiti Kitakatifu. Hata pale Umoja wa Mataifa, New York, aliyekalia nafasi ya mwangalizi tangu 1964 ni Kiti Kitakatifu, si lile dola la hekta 44. Ndiyo maana mtu akikuambia nchi ndogo kuliko zote ni Monaco, usimcheke kabla hujamuuliza. Huenda anahesabu wanachama wa Umoja wa Mataifa, na Vatican si mwanachama.

Uraia wake nao haufanani na mwingine. Hakuna anayeuzaliwa. Mtu huupata kwa kazi yake, kama askari wa Kikosi cha Uswisi kinachomlinda Papa au kardinali anayeishi Roma, na wengi huurudisha kazi ikiisha. Na kwa kuwa ndani ya kuta hamna nafasi, mambo mengi ya Vatican yako nje ya Vatican. Redio yake, ile yenye idhaa ya Kiswahili, ilijengewa mitambo yake mikubwa Santa Maria di Galeria, kaskazini ya Roma, katika ardhi ya Italia iliyopewa kinga maalumu kwa makubaliano ya 1951. Uwanja huo wa minara ni mkubwa karibu mara kumi kuliko dola lenyewe.

Vilivyobaki mezani mwa wakubwa

Ulaya ya zamani ilikuwa na mamia ya vitawala vidogo. Italia ilipoungana kuanzia 1861 na Ujerumani mwaka 1871, karibu vyote vilitoweka. Vichache vilivyosalia vina hadithi mbalimbali, ila katika kila moja utamkuta jirani mkubwa aliyefanya hesabu akaona kukiacha kitawala hicho ni nafuu kuliko kukichukua.

San Marino iko juu ya Mlima Titano, imezungukwa na Italia pande zote, na kwa mapokeo yake ilianzishwa mwaka 301. Mipaka yake haijasogea tangu 1463. Mwaka 1797 Napoleon alipokuwa akiifagia Italia aliwapa wakuu wa San Marino nafasi ya kuongezewa ardhi, nao wakakataa kwa adabu. Uamuzi huo hausifiwi inavyostahili. Ardhi ambayo wangepewa ilikuwa ya mtu mwingine, na Napoleon alipoanguka mwenye ardhi angekuja kuidai, labda na riba. Mwaka 1849 walimpa hifadhi Giuseppe Garibaldi, mpiganiaji wa muungano wa Italia, aliyekuwa akikimbia majeshi ya Austria. Miaka kumi na mitatu baadaye Italia mpya ilitia nao saini mkataba wa urafiki. Hadi leo nchi hiyo inaongozwa na wakuu wawili kwa pamoja, wanaokaa madarakani miezi sita tu, wakiapishwa 1 Aprili na 1 Oktoba.

Liechtenstein ilinunuliwa. Ukoo wa Liechtenstein ulikuwa na mali nyingi Austria na Bohemia, ila ardhi zake zote zilikuwa chini ya mabwana wengine, na bila ardhi iliyo moja kwa moja chini ya Mfalme Mkuu hakuna kiti katika baraza la Dola Takatifu ya Kirumi, muungano wa tawala za Ulaya ya kati. Basi wakanunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712, na mwaka 1719 sehemu hizo mbili zikaunganishwa zikapewa jina la ukoo. Ni nchi iliyonunuliwa kwa ajili ya kiti cha kikao. Wenyewe walikuwa hawana haja na milima ile: ilipita karibu miaka mia kabla mtu yeyote wa ukoo huo hajaikanyaga, na mtawala wa kwanza kuhamia huko, Franz Josef wa Pili, alihamia 1938. Jeshi lilivunjwa 1868. Sarafu ni faranga ya Uswisi.

Monaco ilifanya kinyume, iliuza. Menton na Roquebrune, miji miwili iliyokuwa na zaidi ya tisa ya kumi ya ardhi yake, iliasi mwaka 1848 kwa sababu ya kodi. Mwaka 1861 Mwanamfalme Charles wa Tatu aliiachia Ufaransa miji hiyo kwa faranga milioni nne na ushei, na kwa malipo hayo Ufaransa ikatambua uhuru wa kile kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa jabali, bandari ndogo, na familia ya Grimaldi iliyoanza kulikalia jabali hilo mwaka 1297.

Mwaka 1920 Liechtenstein iliomba kujiunga na Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, ikakataliwa. Wakubwa waliona nchi inayoachia mambo yake mengi mikononi mwa jirani haiwezi kubeba wajibu wa uanachama. Baada ya 1945, na hasa baada ya ukoloni kuanza kuvunjika, kigezo hicho kilikufa chenyewe. Haikuwezekana kuwaambia watu wa visiwani kwamba kujitawala ni haki ya kila taifa isipokuwa lile dogo. Maldivi ikaingia Umoja wa Mataifa 1965, Shelisheli 1976. Wazee wa Ulaya walifuata nyuma ya visiwa: Liechtenstein 1990, San Marino 1992, Monaco 1993.

Bidhaa ni bendera

Nchi yenye ardhi ndogo haina cha kuchimba kwa muda mrefu, haina pa kulima, na soko lake la ndani halitoshi hata kwa kiwanda cha sabuni. Ina kitu kimoja ambacho mji wenye watu mara mia zaidi hauna: haki ya kutunga sheria zake. Ninavyoona mimi, hicho ndicho kinachozilisha karibu zote. Kodi, pasipoti, stempu, leseni za meli, kura ya Umoja wa Mataifa, herufi mbili za anwani za intaneti. Vyote ni sheria iliyopatiwa mnunuzi.

Monaco iligundua hilo mapema. Ikiwa imepoteza ardhi na kodi zake, ilifungua kasino Monte Carlo mwaka 1863 wakati kamari imepigwa marufuku Ufaransa. Reli ilifika 1868, wachezaji wakamiminika, na mwaka uliofuata wenyeji wakasamehewa kodi. Mtego upo, nao wameuona wenyewe: raia wa Monaco haruhusiwi kucheza kamari katika kasino ile. Leo kasino ni sehemu ndogo tu ya mapato. Biashara kubwa ni kutotoza kodi ya mapato kwa mtu binafsi, kisha kukusanya kodi ya ongezeko la thamani kwa kila kitu matajiri hao wanachonunua.

Kodi ya jirani haichezewi hivihivi, lakini. Oktoba 1962 Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa, amechoka kuona Wafaransa wanahamisha fedha kilometa chache na kutoweka, aliweka vizuizi vya forodha mpakani. Mwaka 1963 Monaco ilikubali: Mfaransa akihamia huko atalipa kodi Paris kama kawaida. Mwitaliano, Mwingereza na Mbrazili wakabaki huru kutolipa. Ndiyo maana hadi leo unasikia madereva wa mbio za magari na wacheza tenisi wa mataifa mbalimbali wanaishi Monaco, ila si Wafaransa.

Ardhi yenyewe imeendelea kutengenezwa. Mtaa wa Fontvieille ulikuwa bahari hadi Mwanamfalme Rainier wa Tatu alipoujaza, na Desemba 2024 mtaa mwingine wa hekta sita, Mareterra, ulifunguliwa juu ya maji. Ndiyo sababu vitabu vya zamani vinasema 2.02 na vipya 2.08. Wapenzi wa riadha wanaijua Fontvieille bila kujua kwamba wanaijua. Uwanja wa Louis wa Pili uko pale, umejengwa juu ya maegesho ya magari ya ghorofa. Beatrice Chepkoech alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji hapo mwaka 2018 kwa dakika 8:44.32, Joshua Cheptegei ile ya mita 5,000 mwaka 2020 kwa 12:35.36, na Faith Kipyegon ile ya maili moja mwaka 2023 kwa 4:07.64. Mbio zile za Kenya na Uganda zilikimbiwa mahali ambapo babu wa mtu angehitaji mtumbwi.

Nauru

Nauru inataka nafasi yake, kwa kuwa haikuanza na bendera. Ilianza na mbolea.

Kisiwa hiki kimoja kiko katikati ya Pasifiki, karibu kabisa na ikweta. Mwanzoni mwa karne iliyopita ilibainika kwamba sehemu ya juu ya kisiwa ni fosfeti tupu, tena ya kiwango cha juu sana, malighafi ya mbolea ambayo mashamba ya Australia na New Zealand yalikuwa yakiililia. Wakati huo kisiwa kilikuwa cha Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kiliwekwa chini ya Uingereza, Australia na New Zealand, zikaunda tume ya pamoja ya kuchimba, na fosfeti ikauzwa kwa wakulima wao kwa bei iliyo chini ya soko. Vita ya Pili ilileta Wajapani, waliowahamishia Wanauru 1,200 visiwa vya Truk. Waliorudi hai Januari 1946 walikuwa 737.

Kufikia miaka ya 1960 ilionekana wazi kwamba kisiwa kinaliwa. Australia ikatoa pendekezo: Wanauru wote wahamie Kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland, kikubwa mara nyingi kuliko kwao. Wangepewa nyumba na kazi, wangekuwa Waaustralia. Wanauru waliuliza kama watakuwa na nchi yao huko. Waliambiwa hapana, na mwaka 1964 wakakataa. Ninaona hilo ndilo tukio la kuzingatiwa zaidi katika habari yote ya nchi ndogo. Watu wasiofika elfu sita, wenye kisiwa kilichokwisha kuchimbuliwa sehemu yake kubwa, walipima ardhi nzuri kwa mkono mmoja na bendera kwa mkono mwingine.

Uhuru ulikuja 31 Januari 1968, Hammer DeRoburt akiwa rais wa kwanza, na kampuni ya uchimbaji ikanunuliwa ikawa yao. Kwa miaka kama ishirini Nauru ilikuwa miongoni mwa nchi tajiri duniani kwa kipato cha mtu mmojammoja. Hakukuwa na kodi. Matibabu yalikuwa bure, hata yakihitaji ndege kwenda Australia. Serikali ilikuwa na shirika la ndege lenye ndege nyingi kuliko zilizoweza kupata abiria, na jengo la ghorofa 52 Melbourne, Nauru House, lililokamilika 1977. Mwaka 1993 fedha za kisiwa zilidhamini mchezo wa kuigiza wa nyimbo kuhusu Leonardo da Vinci jijini London, uliofungwa baada ya wiki chache. Mwaka huohuo Australia ilikubali kulipa dola zake milioni 107 kumaliza kesi ambayo Nauru iliifungua katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru.

Fedha nyingi zilipotea kwa uwekezaji mbaya, kwa washauri wajanja, na kwa kukopa juu ya fosfeti ambayo ilikuwa inaisha. Jengo la Melbourne liliuzwa 2004 kulipia madeni. Sehemu ya juu ya kisiwa, takribani asilimia 80 ya ardhi yote, ilibaki vichuguu vya mawe ya chokaa vilivyosimama kama meno, hapalimiki wala hapajengeki, watu wakibanana ukanda mwembamba wa ufukwe.

Ndipo bendera ilipoingia sokoni. Katika miaka ya 1990 Nauru iliandikisha mamia ya benki ambazo hazikuwa na jengo wala karani, hadi nchi kubwa zikaibana. Mwaka 2001, baada ya meli ya Norway iitwayo Tampa kuokoa waomba hifadhi 433 ambao Australia ilikataa kuwapokea, Nauru ilikubali kuwaweka wengi wao kwa malipo; kambi hiyo ilifungwa 2008, ikafunguliwa tena 2012. Uhusiano wake wa kibalozi umehama kutoka Taiwan kwenda China 2002, ukarudi Taiwan 2005, ukaenda tena China Januari 2024. Mwaka 2009 ilizitambua Abkhazia na Ossetia Kusini, maeneo yaliyojitenga na Georgia kwa msaada wa Urusi, jambo lililoifurahisha Moscow. Na mwaka 2025 ilianza kuuza uraia, kuanzia dola 105,000 za Marekani, ikisema fedha hizo zitasaidia kuwahamishia watu juu, palepale penye mawe, bahari inapopanda.

Ni rahisi kuicheka Nauru, na waandishi wengi wa safari wamefanya hivyo. Lakini waliochimba kwa miaka sitini ya kwanza na kuondoka na mbolea ya bei ya chini hawatajwi katika vichekesho hivyo.

Uraia wa kuuza haukuanzia hapo. Saint Kitts na Nevis ilianza mwaka 1984, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na mashamba yake ya miwa yalipofungwa 2005 pasipoti zikawa nguzo ya bajeti. Tuvalu ilibahatika kwa alfabeti: ilipogawiwa herufi za anwani za intaneti ilipata .tv, na kampuni za video duniani kote zikazitaka. Malipo hayo yaliisaidia kugharimia kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000.

Bahari isiyohesabiwa

Kila ninapoona orodha ya nchi ndogo najiuliza kwa nini ipime ardhi peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa kila nchi ya pwani ukanda maalumu wa kiuchumi wa maili 200 za baharini: samaki, mafuta na madini yaliyomo ni yake. Nchi isiyo na pwani haipati chochote. Kisiwa kilicho peke yake, bila jirani wa kugawana naye, kinapata duara zima.

Hapo orodha inapinduka. Nauru yenye kilometa za mraba 21 ina bahari ya zaidi ya laki tatu, kubwa kuliko Italia. Bahari ya Tuvalu inaizidi Kenya. Shelisheli, nchi ndogo kuliko zote za Afrika, ina ardhi ya kilometa za mraba 455 hivi, karibu sawa na Kisiwa cha Mafia. Bahari yake ni kama milioni 1.37, inayoizidi Tanzania nzima kwa zaidi ya theluthi. Si ajabu kwamba Victoria imekuwa bandari kubwa ya jodari katika Bahari ya Hindi, wala kwamba mwaka 2018 serikali yake ilikuwa ya kwanza duniani kutoa hati fungani ya buluu, ya dola milioni 15, kwa ajili ya uvuvi na hifadhi ya bahari.

Kumiliki bahari hiyo kwenye ramani ni jambo moja, kuilinda ni jingine. Visiwa kadhaa vya Pasifiki, Nauru ikiwemo, vilitambua kwamba meli za mataifa makubwa zilikuwa zikivigombanisha kimoja baada ya kingine ili kupata leseni rahisi. Mwaka 1982 vilifanya makubaliano Nauru, na baadaye vikabuni utaratibu wa kuuza siku: meli hailipi kwa tani bali kwa siku inayovua, idadi ya siku ina ukomo, na bei ya chini imewekwa kwa pamoja, dola 8,000. Kwa mataifa yasiyo na manowari, hilo limefanya kazi kuliko manowari.

Shelisheli iliwahi kuonja udhaifu wa kijeshi. Novemba 1981 mamluki wakiongozwa na Mike Hoare walitua Mahé wakijifanya klabu ya walevi, silaha zikiwa chini ya mabegi. Mmoja aligunduliwa na forodha, risasi zikalia uwanjani, na wengi wao wakatoroka kwa kuiteka ndege ya Air India iliyowapeleka Durban. Rais France-Albert René, aliyekuwa ameingia kwa mapinduzi ya 1977, alikuwa na rafiki Dar es Salaam, na askari wa Tanzania walipelekwa visiwani kuilinda serikali yake.

Ardhi ikizama

Kuna swali ambalo Montevideo haikuliwaza. Visiwa vya Tuvalu viko mita chache tu juu ya bahari. Maldivi na Marshall vivyo hivyo. Kama nchi inahitaji eneo, na eneo likafunikwa, nchi inakufa lini? Na ile bahari ya laki kadhaa, inayopimwa kuanzia ufukweni, inakuwa ya nani ufukwe ukiondoka?

Tuvalu imeanza kujibu kabla ya kuulizwa. Katiba yake ya 2023 inasema dola litadumu milele hata likipoteza ardhi, na mipaka yake ya bahari haibadiliki. Viongozi wa visiwa vya Pasifiki walitangaza msimamo huo wa mipaka mwaka 2021. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri kuhusu tabianchi, ilisema kwamba dola likishakuwapo, kupotea kwa mojawapo ya nguzo zake si lazima kuliondolee udola.

Kama hilo linasikika geni, rudi Roma. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yaliingia kupitia ukuta uliobomolewa kwa mizinga karibu na lango la Porta Pia, na Papa akapoteza ardhi yake yote kama dola. Kwa miaka zaidi ya 58, hadi Laterano, Kiti Kitakatifu hakikuwa na hata hekta moja ya kujitawala, ila kiliendelea kutuma na kupokea mabalozi. Kilichokiweka hai ni kwamba wengine waliendelea kukichukulia kuwa hai. Tuvalu haina waumini bilioni moja nyuma yake, na tofauti hiyo si ndogo, lakini njia imewahi kupitwa.

Australia, ile iliyowakatalia Wanauru bendera mwaka 1964, ilitia saini na Tuvalu mkataba wa Falepili Novemba 2023. Unasema wazi kwamba udola wa Tuvalu utaendelea kutambuliwa bahari ikipanda, na unafungua nafasi 280 kila mwaka za kuhamia Australia. Bei yake iko katika kifungu cha usalama: Tuvalu haitafanya mpango wa ulinzi na nchi nyingine bila Australia kukubali. Bahati nasibu ya kwanza ya nafasi hizo ilipofunguliwa katikati ya 2025, waliojiandikisha pamoja na familia zao walizidi 8,000, katika taifa la watu wasiofika 11,000.

Orodha yenyewe bado haijafungwa. Agosti 1998 watu wa Nevis, kisiwa cha kilometa za mraba 93, walipiga kura kuamua kama wajitenge na Saint Kitts. Asilimia 62 hivi walisema ndiyo, katiba ilitaka theluthi mbili, wakabaki. Wangefaulu, Nevis ingekuwa ya sita, mbele ya Liechtenstein. Huko Pasifiki, Tokelau, visiwa vitatu vyenye jumla ya kilometa za mraba 12 hivi chini ya New Zealand, ilipiga kura ya kujitawala mara mbili, 2006 na 2007, chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Isingekuwa nchi kamili mara moja. Ingekuwa kama Visiwa vya Cook na Niue, ambavyo vinajitawala lakini raia wake wana pasipoti za New Zealand, na ambavyo orodha moja huvihesabu na nyingine huviruka. Marekani yenyewe ilivitambua kuwa dola huru mwaka 2023 tu. Mara ya pili Tokelau ilipungukiwa na kura 16 tu kufikia theluthi mbili zilizotakiwa.